D-dima, ultrasaundi au INR? Ulinganisho kwa anayehofia donge la damu mguuni

Asubuhi moja alikuja dada mmoja dirishani kwetu maabara. Nyuma yake baba yake, dereva wa malori ya Dar es Salaam na Lubumbashi, ameegemea ukuta, mguu wa kushoto umevimba hadi suruali imembana pajani.

"Samahani kaka, tunataka kipimo cha damu kuganda."

"Kipi, dada?"

"Kwani viko vingapi?"

Viko vingi, na hapo ndipo watu wanapopoteza hela. Jina hilo moja linabeba karatasi nne au tano tofauti. Kipimo kimoja kinatafuta mabaki ya donge ambalo mwili umeshaanza kulimeng'enya. Kingine kinahesabu damu yako inachukua sekunde ngapi kuganda ndani ya kichupa. Kingine hakifanyiki maabara kabisa, kinafanyika chumba cha picha. Vyote vinahusu kuganda, lakini havijibu swali moja. Mtu anaweza kulipia cha sekunde, akapewa majibu mazuri kabisa, akarudi nyumbani na donge lake lilelile mguuni. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Kabla ya yote: kama mtu mwenye mguu uliovimba anaanza kuhema ghafla, kifua kinamchoma akivuta pumzi, anakohoa damu au anazimia, ulinganisho huu haumhusu. Huyo apelekwe kitengo cha dharura saa hiyohiyo. Huenda kipande cha donge kimekatika, kikapitia moyoni na kukwama mapafuni.

Mambo manne ya kulinganisha

Kila kipimo nitakiuliza maswali yaleyale. Kinajibu swali gani hasa? Kikisema "ndiyo" tukiamini kiasi gani, na kikisema "hapana" je? Kinadanganyika wapi? Na kinadai nini kwa mgonjwa: muda, fedha, mashine, mtu wa kusoma majibu? Bei sitazitaja kwa shilingi kwa sababu hospitali moja hailingani na nyingine hata mtaa uleule. Nitasema tu kipi huwa rahisi kuliko kipi.

Kipimo cha bure: futi ya fundi cherehani

Wengi hukiruka hiki, nami nadhani wanakosea. Kabla ya sindano yoyote, daktari anatakiwa akadirie uwezekano wa donge kwa macho, mikono na maswali. Orodha inayotumika zaidi duniani ilitungwa na daktari Philip Wells na wenzake wa Kanada miaka ya 1990, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2003. Mgonjwa anapata pointi moja kwa kila kimoja cha hivi: saratani inayoendelea au inayotibiwa, mguu uliopooza au uliofungwa plasta ngumu, kulala kitandani siku 3 au zaidi, au upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12, maumivu yanayofuata njia ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za ndani, mguu mzima kuvimba, kigimbi kuzidi kile cha mguu wa pili kwa sentimita 3 au zaidi, kubonyea na kubaki shimo kwenye mguu mmoja tu, vena za juu ya ngozi kujitokeza, na kuwahi kupata donge zamani. Anapunguziwa pointi mbili kama kuna ugonjwa mwingine unaoelezea uvimbe vizuri vilevile.

Kigimbi hupimwa sentimita 10 chini ya kile kifupa kinachochomoza chini ya goti, miguu yote miwili. Futi ya fundi cherehani inatosha. Jumla ikiwa 2 au zaidi, donge linawezekana sana. Ikiwa 1 au chini, halielekei.

Hizo pointi mbili za kupunguza zina uzito mkubwa kwetu. Ukanda wa pwani, Kenya na Tanzania, umeishi na matende kwa vizazi, na mguu wa matende huvimba upande mmoja vilevile. Kuna maambukizi ya ngozi yanayoufanya mguu uwe mwekundu na wa moto, kuna uvimbe wa nyuma ya goti uliopasuka, kuna misuli iliyochanika mtu akicheza mpira. Moyo au figo zikishindwa, kwa kawaida huvimba miguu yote miwili.

Orodha hii peke yake haithibitishi donge wala hailikani. Inachofanya ni kukuambia mlango upi ubishe kwanza. Jambo la pembeni: safari ndefu haimo kwenye orodha, ingawa kukaa kitini saa nyingi kunachangia. Ile mbinu ya zamani ya kumkunja mgonjwa wayo kuelekea juu na kumuuliza kama kigimbi kinauma, iliyopewa jina la Homans, inadanganya pande zote mbili. Ukifanyiwa hiyo tu na kuambiwa huna donge, usiridhike.

D-dima

Kwenye fomu imeandikwa D-dimer. Ilipata umaarufu wakati wa Korona, watu wakawa wanaitaja kama wanavyoitaja sukari na presha.

Swali inalojibu: je, kuna nyuzi za donge zinazomeng'enywa mwilini sasa hivi? Damu ikiganda, protini iitwayo fibrini husuka nyuzi na nyuzi hizo hufungwa pamoja. Mwili nao hauachi donge likae, huleta kimeng'enya cha kulikatakata. Kipande kinachobaki kimeunganishwa viwiliviwili ndicho D-dima. Hakielezi donge liko wapi. Hakielezi hata kama ni donge la mguuni au ni jeraha linalopona.

Ndiyo na hapana yake: hapana ni imara, ndiyo ni dhaifu. Kwa mashine nzuri, D-dima huwa juu kwa takriban watu 95 kati ya 100 wenye donge kwenye vena za ndani. Kwa hiyo mtu mwenye pointi 0 au 1 na D-dima ya chini anaweza kurudi nyumbani bila picha. Ikiwa juu, haimaanishi una donge. Inamaanisha uendelee kutafuta.

Inapodanganyika: hapa orodha ni ndefu. D-dima hupanda kwa ujauzito, baada ya kujifungua, baada ya upasuaji, kwa kuumia, nimonia, malaria, kifua kikuu, saratani, selimundu, na kwa umri tu. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho mara nyingi huwa juu ya kiwango cha kawaida bila tatizo lolote. Mgonjwa aliyelazwa wodini wiki nzima karibu hakosi kuwa juu. Ukiwapima hawa wote, utaandika "juu", "juu", "juu", na hujamsaidia mtu. Upande wa pili, inaweza kushuka na kukuficha donge kama dalili zina wiki kadhaa, kama mgonjwa ameshaanza sindano za kuzuia kuganda, au kama donge ni dogo kigimbini.

Umri una dawa yake. Kiwango cha kawaida cha kukatia ni 500, lakini kwa aliyezidi miaka 50 madaktari wengi hutumia umri mara 10. Bibi wa miaka 78 hukatiwa 780. Aliyepata 640 si wa kukimbizwa picha kwa namba hiyo pekee, iwapo pointi zake ni chache.

Halafu kuna mtego ambao mimi naufahamu kwa sababu simu zake hupigwa kwetu: vipimio. Maabara moja inaandika 500, nyingine 0.5, na zote mbili ni kitu kilekile, moja ni nanogramu kwa mililita, nyingine ni mikrogramu. Zaidi ya hapo, mashine nyingine hutoa majibu kwa kipimio cha FEU na nyingine kwa DDU, na FEU ni takriban mara mbili ya DDU. Majibu ya 400 ni ya chini kwenye FEU, lakini ni ya juu kwenye DDU, ambako mpaka huwa karibu 250. Basi usilinganishe karatasi ya maabara hii na ya ile bila kusoma herufi ndogo pembeni ya namba. Na ile kanuni ya umri mara 10 ni ya FEU.

Inachodai: sindano moja, majibu ndani ya saa moja au mbili palipo na mashine. Kwa kawaida ni rahisi kuliko picha. Vipo vya kuchoma kidole pia, ila si vyote vyenye uimara ule wa 95.

Inamfaa: mtu aliyetoka nyumbani kwa miguu yake, si mjamzito, hajapasuliwa karibuni, dalili zake ni za siku chache na pointi zake ni 1 au chini. Kwa huyo, hakuna kipimo kinachookoa muda kama hiki. Mwenye pointi 2 na zaidi inamsaidia kidogo tu, kwa sababu hata ikiwa chini bado atahitaji picha.

Ultrasaundi ya kubana mshipa

Wengine huiita dopla, ingawa dopla ni sehemu yake tu, ile inayoonyesha rangi na mwendo wa damu. Kiini cha kipimo ni mkono unaobonyeza.

Swali inalojibu: je, kuna donge kwenye vena hii ninayoitazama? Fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Ukiukanyaga ukiwa na maji tu ndani, unalala bapa. Ukiwa umejaa tope lililoganda, haulali. Vena yenye afya hulala bapa chini ya kifaa cha mpimaji, yenye donge hukataa. Ateri iliyo kando yake hubaki wazi ikipigapiga, na ndiyo inayomsaidia mpimaji kujua yuko wapi.

Ndiyo na hapana yake: kwa vena kubwa za kuanzia nyuma ya goti hadi kinena, zote mbili ni imara. Vena inayokataa kulala inatosha kuanza matibabu, hakuna haja ya ushahidi mwingine. Kwa vena ndogo za kigimbi uhakika hushuka sana, na hutegemea mikono ya mpimaji.

Ndiyo maana ni lazima uulize umefanyiwa ipi. Ipo ya haraka, inayobonyeza kinenani na nyuma ya goti tu. Ipo ya mguu mzima hadi kifundoni. Ya haraka inaweza kufanywa na daktari wa dharura aliyefundishwa, kando ya kitanda, kwa dakika chache. Lakini hapana yake si ya mwisho: kama mashaka ni makubwa na D-dima haijapimwa au iko juu, inarudiwa baada ya wiki moja hivi, kwa sababu donge la kigimbini linaweza kupanda juu ndani ya siku hizo. Ya mguu mzima, ikifanywa vizuri na ikawa safi, kwa kawaida haihitaji kurudiwa. Wagonjwa wengi wa ile ya haraka hawarudi. Wameambiwa "huna kitu", na neno "leo" halikutajwa.

Inapodanganyika: vena za ndani ya nyonga, juu ya kinena, hazibonyezeki. Kwa mjamzito hilo si dogo. Madonge ya wajawazito hupenda mguu wa kushoto, kwa sababu vena ya kushoto hukandamizwa na ateri inayopita juu yake, na mara nyingine huanzia hukohuko nyongani. Dalili ni mguu mzima kuvimba pamoja na maumivu ya kiuno, matako au ubavu. Hapo mpimaji atazame mwendo wa damu kinenani kwa dopla, na kama bado haieleweki apelekwe MRI. Pia ultrasaundi hupata tabu kutenganisha donge jipya na kovu la zamani. Aliyewahi kupata donge anafaidika sana akipigwa picha anapomaliza dawa, aihifadhi, ili siku mguu ukivimba tena kuwe na cha kulinganisha.

Inachodai: mashine, jeli, na mtu aliyeizoea kazi. Haina mionzi, haina sindano, haidhuru figo wala mimba. Ughali wake kwetu mara nyingi si bei bali umbali: mashine ipo wilayani, inatumika kwa wajawazito kila siku, ila anayejua kuitumia kutafuta donge mguuni ana zamu Jumanne na Alhamisi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2020 unataka picha ndani ya saa 4, na isipowezekana, mgonjwa mwenye uwezekano mkubwa apewe dawa ya kuzuia kuganda kwanza na picha ifuate ndani ya saa 24. Saa 24 zinaweza zisitimie kwetu. Kanuni ya kuanza dawa bila kusubiri picha inatufaa zaidi sisi kuliko wao, ilimradi mgonjwa hana hatari ya kuvuja damu.

Inamfaa: mwenye pointi 2 na zaidi, mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyetoka upasuaji, aliyelazwa, na yeyote ambaye D-dima yake imekuja juu.

CT, MRI na eksirei ya dawa

Zamani, kipimo cha kusawazishia vingine vyote kilikuwa kumchoma mgonjwa sindano mgongoni mwa wayo, kuingiza dawa yenye iodini na kupiga eksirei ya vena. Kinauma na siku hizi karibu hakifanyiki kwa ajili ya kuchunguza tu. CT ya mapafu yenye dawa ndiyo inayotafuta kipande kilichokwama huko. Ndiyo na hapana zake ni imara, lakini ina mionzi, na dawa yake inahitaji tahadhari kwa mwenye figo mbovu. MRI huona vena za nyonga vizuri. Kwa mguu wa kawaida, kuanza na hizi ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mgeni mmoja.

PT, INR na APTT

Tumefika kwenye karatasi iliyo na jina linalofanana zaidi na alichoomba yule dada, na isiyojibu kabisa alichotaka kujua.

Swali vinalojibu: damu ikichochewa ndani ya kichupa, inachukua sekunde ngapi kuganda? PT ilianzishwa na Mmarekani Armand Quick mwaka 1935. Unaongeza kichocheo kwenye maji ya damu na kuhesabu muda. Shida ilikuwa kila kiwanda kina kichocheo chake, hivyo sekunde za maabara moja hazikulingana na za nyingine. Shirika la Afya Duniani likakubali mwaka 1983 namna moja ya kuzisawazisha, ndiyo INR. Asiyetumia dawa ana INR karibu na 1. Anayetumia warfarini, kidonge cha kuzuia kuganda, kwa sababu ya donge mguuni au mapafuni hutakiwa awe kati ya 2 na 3. APTT hutazama njia nyingine ya kuganda na hutumika zaidi kumfuatilia mgonjwa wa heparini (dawa nyingine ya kuzuia kuganda) ya dripu, ambaye kwa kawaida hulengwa mara 1.5 hadi 2.5 ya muda wa kawaida.

Ndiyo na hapana zake kuhusu donge: hakuna. Nasema hivyo wazi kwa sababu kila wiki naona fomu imeandikwa "mguu umevimba" na kipimo kilichoombwa ni PT. Mgonjwa mwenye donge refu kutoka goti hadi kinena, ambaye hajaanza dawa, kwa kawaida ana INR ya 1.0 na APTT ya kawaida. Vipimo hivi vimetengenezwa kugundua damu inayochelewa kuganda, si inayoganda mahali isipotakiwa. Na INR iliyopanda kwa ugonjwa wa ini si kinga, mwenye ini bovu anaweza kuvuja na kuganda kwa wakati mmoja.

Kuna hata kinyume chake kamili. Wapo watu, wengi wao wanawake wenye ugonjwa wa lupasi au waliopoteza mimba mara kadhaa, ambao APTT yao ni ndefu, kana kwamba damu yao haigandi. Kumbe kingamwili zao zinazuia kichocheo cha kichupani tu. Mwilini damu yao inaganda kupita kiasi. Kwa hao vipimo maalumu hurudiwa baada ya wiki 12 kabla ya kuwapa jina la ugonjwa.

Vinapodanganyika: mwaka wangu wa kwanza kazini, hospitali ambayo sitaitaja, ilikuja chupa ya kifuniko cha bluu ikiwa na damu nusu. Chupa hiyo ina dawa ya sitreti iliyopimwa kwa damu iliyojaa hadi mstari, sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa: mililita 2.7 kwa 0.3. Damu ikipungua, dawa inazidi, na muda wa kuganda unarefuka kwa uongo. Nikaipima hivyohivyo. APTT ikatoka ndefu, wodini wakataka kupunguza heparini ya mgonjwa aliyekuwa anaihitaji. Muuguzi mmoja mzoefu alipiga simu akauliza, "Mwanangu, ile chupa ilijaa?" Tangu siku hiyo chupa isiyojaa naikataa, hata mkichukia. APTT pia inataka ipimwe ndani ya saa 4, kwa hiyo sampuli iliyosafiri kwa bodaboda mchana kutwa haina maana.

Kwa wanaotumia warfarini, chakula na dawa nyingine vinacheza na namba. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K na huishusha INR. Hukatazwi kula, unatakiwa kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, si kuacha mwezi mzima kisha kula bakuli tatu msibani. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Flajili na septrini huipandisha hadi mtu anaweza kuvuja damu, na flajili wengi wetu tunainunua dukani kama peremende.

Vinachodai: sindano, chupa iliyojaa, na kurudi. Warfarini huchukua siku kadhaa kufanya kazi, hivyo sindano za heparini huendelea siku 5 au zaidi hadi INR ifike 2. Kisha upimaji wa mara kwa mara. Kuna vijimashine vya kuchoma kidole vya INR, vinafaa sana kwa anayeishi mbali.

Vinamfaa: anayetumia warfarini au heparini, anayevuja damu bila sababu, mwenye ugonjwa wa ini, na mwenye donge anayetaka kuanza dawa ili ijulikane alipoanzia. Anayetumia rivaroksabani au apiksabani, vidonge vingine vya kuzuia kuganda, asifuatiliwe kwa INR, haielezi kama dozi yake inatosha. Sindano za enoksaparini, aina ya heparini, nazo hazifuatiliwi kwa APTT. Ikilazimu hupimwa kwa kipimo cha anti-Xa, na kwa wengi hailazimu.

Vipimo vya kurithi

Wenye bima nzuri na ndugu walio Ulaya huviulizia. Vinatafuta kasoro za kuzaliwa zinazofanya damu igande kirahisi. Ile iliyogunduliwa Leiden, Uholanzi, na kutangazwa mwaka 1994 ni ya kawaida kwa watu wa asili ya Ulaya na ni nadra kwa Waafrika, hivyo kwa wengi wetu ni pesa ya bure. Protini C, protini S na antithrombini, ambazo huzuia damu isigande ovyo, zina maana zaidi, lakini si wakati donge ni bichi, wala protini C na S mtu akiwa kwenye warfarini, kwa sababu zinaweza kusoma chini hata kwa asiye na kasoro. Mara chache majibu yake yanabadilisha dawa utakayopewa leo.

Kwa hali yako

Mguu mmoja umevimba juzi, una miaka 35, huna historia yoyote, pointi 0 au 1: anza na D-dima. Ikiwa chini, tafuta sababu nyingine ya uvimbe. Ikiwa juu, nenda ultrasaundi.

Pointi 2 na zaidi: nenda moja kwa moja kwenye picha. Fedha ya D-dima itunze, ukiambiwa picha ya haraka ni safi ndipo itakapokuwa na kazi, kuamua kama urudie baada ya wiki.

Mjamzito au mzazi wa wiki chache: ultrasaundi, hata kama ni mbali. Akisema maumivu yako kiunoni na mguu mzima umejaa, mpimaji aambiwe kabla hajaanza.

Umelazwa kwa nimonia, umepasuliwa wiki iliyopita, una selimundu au unatibiwa saratani: D-dima itakuwa juu tu. Picha.

Unaishi visiwani au kijijini, picha ni ya kesho kutwa: futi, orodha ya pointi, na daktari au tabibu aamue kuanza dawa. Hapo D-dima ya chini inaweza kumwokoa mwenye pointi chache asisafiri bure.

Uko kwenye warfarini na mguu umevimba tena: INR itasema kama dawa ilikuwa inatosha, ultrasaundi itasema kama kuna donge jipya. Unazihitaji zote mbili, na D-dima haikusaidii sana kwa sababu dawa huishusha. Lete na picha ya zamani.

Uko kwenye dawa za kifua kikuu na umegundulika na donge: mwambie daktari kuhusu rifampisini kabla hajachagua dawa, kwa sababu inadhoofisha warfarini na rivaroksabani pia.

Yule baba dereva tulimpima mguu palepale kwenye benchi, kwa futi ya dada wa mapokezi anayeshona vitenge jioni. Tofauti ya kigimbi ilikuwa sentimita 5, mguu mzima umevimba, panabonyea, pana maumivu. Daktari akahesabu 4. Hatukumtoa damu ya D-dima, alivuka ua kwenda chumba cha picha. Vena ya nyuma ya goti ilikataa kulala. Alipoanza rivaroksabani tulimtoa damu ya figo, chembe sahani, PT na APTT, na INR yake ilikuwa 1.0.

Baada ya miezi mitatu binti yake akarudi dirishani.

"Kaka, safari hii naomba kile cha kupiga picha. Daktari kasema tuiweke kwenye faili."